Muziki wa kufokafoka: Tusiwafunge vijana midomo, tuketi nao tusikilize

Mzazi yeyote wa Namakwekwe, hapa mjini Mbale, anaijua sauti hii. Jua likishapita na mlima Wanale ukianza kuingia giza, spika za vibandani zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Kinyozi ana yake, muuza kadi za simu ana yake, kibanda cha video nacho kimeelekeza yake barabarani. Kinachotoka humo mara nyingi ni muziki wa kufokafoka, yaani rapu, wa Kampala, wa Nairobi, wa Dar es Salaam na wa Marekani. Na mbele ya spika hizo wamesimama vijana wetu, wengine hata meno ya utoto hawajamaliza kung'oa, wakifuatisha kila neno bila kukosea.

Malalamiko juu ya muziki huu si mapya. Wafanyabiashara wanaotoka Malaba, Busia na Lwakhakha wakiwa wamechoka wanasema wakifika nyumbani hawapati amani. Akina mama waliokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, wakawaacha watoto kwa bibi zao, wanarudi na kumkuta mtoto amekuwa mtu mwingine: suruali imeshuka kiunoni, mwendo umebadilika, na salamu ya "shikamoo" imegeuka kuwa ngumi ya kugonganisha. Wazee nao wanauliza swali moja tu: Je, muziki huu hauwapotezi watoto wetu?

Swali hilo ni halali na linastahili jibu la heshima. Hatukubaliani na wale wanaosema wazee wamepitwa na wakati. Mzazi anayeogopa kumpoteza mwanawe hajapitwa na wakati hata kidogo. Lakini pia hatukubaliani na jibu jepesi linalotolewa kila mara, kwamba muziki upigwe marufuku na vijana wachapwe. Jambo hili lina pande mbili, na anayelitazama upande mmoja atakosea njia.

Tuanze na asili yake. Wanahistoria wa muziki huu wanautaja usiku wa tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx jijini New York, ambako kijana mhamiaji kutoka Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Bronx ya siku hizo ilikuwa mtaa wa majumba yaliyoungua, kazi zilizopotea na serikali iliyogeuza uso. Vijana hawakuwa na ala wala fedha za kununulia ala. Walikuwa na santuri za wazazi wao na midomo yao. Mwaka 1982 kundi la Grandmaster Flash and the Furious Five lilitoa wimbo "The Message", ulioeleza maisha ya mtaa huo bila kupaka sukari. Kwa hiyo tangu mwanzo rapu ilikuwa sauti ya mtu aliyekosa jukwaa. Ni ajabu gani basi kama kijana wa Namakwekwe, ambaye naye hana jukwaa, ameisikia akaona inamsema yeye?

Muziki huo ulipoingia Afrika Mashariki haukubaki mgeni kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mtanzania Saleh Jabir aliweka maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani, na watu wakagundua kwamba lugha yetu inaweza kufokafoka bila kujikwaa. Baadaye wakaja Kwanza Unit, Mr II ambaye wengi wanamwita Sugu, na Professor Jay. Nairobi, katika mtaa wa Dandora uliopakana na jalala kubwa la jiji, vijana watatu wa Kalamashaka waliimba shida za mtaa wao kwa Kiswahili ambacho hata mama wa sokoni alikielewa. Hapa Uganda, Bataka Squad walifanya vivyo hivyo kwa Kiluganda, na mtindo wao ukaitwa Lugaflow. Mwenzao mmoja, Babaluku, aliyeishi Kanada, alirudi nyumbani na mwaka 2005 akaanzisha Bavubuka Foundation ili kuwafundisha vijana kutumia sanaa hiyo kwa lugha zao wenyewe. Nao ni mfano kwa wasomaji wetu waliorejea kutoka ughaibuni: mtu anaweza kurudi na mali, lakini pia anaweza kurudi na ujuzi akaugawa.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili kuliko maprofesa, kwani ndio waliobeba kanda. Kabla ya simu za kisasa, nyimbo za Nairobi na Dar es Salaam ziliingia Mbale ndani ya mifuko ya mitumba, katikati ya sabuni na mafuta ya kupikia. Baadaye zikaja kwa sidii, kisha kwa memori kadi zinazojazwa nyimbo mia kwa shilingi chache. Hakuna ofisa wa forodha aliyewahi kuutoza ushuru wimbo. Na pamoja na nyimbo hizo iliingia bidhaa nyingine ambayo hatukuihesabu: lugha ya Kiswahili.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Sote tunajua Kiswahili kimekuwa na jina gani nchini Uganda. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa wananchi wengi kilibaki kuwa lugha ya kizuizini, ya "lala chini" na ya "panda gari". Mama alipomsikia mtu akibisha hodi kwa Kiswahili usiku, alifikiri askari au mwizi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini uamuzi wa mezani haufuti hofu iliyo moyoni. Kilichoanza kuifuta hofu hiyo kwa vijana ni nyimbo. Kijana wa leo wa Namakwekwe hakisikii Kiswahili kwanza kwa askari mwenye bunduki. Anakisikia kwa msanii anayempenda. Ameimba kabla ya kuelewa, kisha ameuliza maana, kisha ameongea. Akifika Malaba na mzigo wa baba yake, anaelewana na mnunuzi wa Bungoma bila mkalimani. Hiyo ni faida inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Aidha, ziko nyimbo zilizofundisha yale ambayo wazazi waliona haya kuyataja. Mwaka 1989 Mganda mwenzetu Philly Lutaaya, ambaye hakuwa mfokaji, alionyesha njia alipojitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI na kuimba juu yake, wakati watu maarufu wengine wakijificha. Wafokaji wa kizazi kilichofuata waliifuata njia hiyo. Ferooz wa Tanzania, katika "Starehe" ya mwaka 2004, alisimulia habari za mtu anayekufa kwa ugonjwa huo akijutia maisha yake, na MwanaFA alilieleza jambo hilo hilo kwa namna yake. Watoto waliziimba nyimbo hizo barabarani. Ni mikutano mingapi ya maofisa afya iliyowahi kuimbwa barabarani?

Wasanii hao hawakuishia kuwa wahuni kama ilivyotabiriwa. Sugu aliwakilisha Mbeya Mjini bungeni kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Professor Jay aliwakilisha Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. MwanaFA alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza mwaka 2020 na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri anayehusika na utamaduni, sanaa na michezo. Waliojifunza kupanga maneno mbele ya kipaza sauti waliyapanga pia mbele ya Spika.

Baada ya kusema hayo, tusijidanganye. Upande wa pili upo, nao si mdogo.

Nyimbo nyingi zinazopigwa vibandani leo hazifundishi chochote ila dharau. Mwanamke anatajwa kama kitu cha kununuliwa. Bunduki inatajwa kama pambo. Bangi, mairungi na pombe vinasifiwa kana kwamba ni chakula. Mwaka 2019 huko Kenya, kundi la Ethic lilitoa wimbo "Tarimbo" ambao wananchi waliona unachekelea ubakaji. Kelele zilipozidi, wimbo uliondolewa kwenye mtandao na wasanii wakaomba radhi. Waliopiga kelele hawakuwa wazee peke yao. Wasichana wenyewe, wanaozipenda nyimbo za mtindo huo, walisema hapa mmevuka mpaka. Na mbali zaidi, wakati wa vita vya Sierra Leone miaka ya 1990, wapiganaji vijana walionekana wamevaa fulana zenye picha ya Tupac Shakur. Si kwamba Tupac aliwatuma. Lakini kijana aliyenyang'anywa kila kitu hutafuta sura ya kuvaa, na sura aliyoipata ilikuwa ya mtu mwenye hasira.

Tena ikumbukwe kwamba shule za Uganda zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mtoto hakuwa na mwalimu wala kengele. Alikuwa na simu na spika ya kibandani. Wengine hawakurudi tena darasani. Tunapolalamika kwamba wimbo umemlea mtoto, tujiulize ni nani mwingine aliyekuwapo kumlea wakati ule. Mtoto huangalia mlango ulio wazi.

Sasa, je, maneno makali pekee ndiyo yanayomharibu kijana? Sisi watu wa Bugisu tuna jibu letu wenyewe, wala hatuhitaji kulitafuta Marekani. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu unapofika, vijana wanacheza ngoma za kadodi barabarani kabla ya kutahiriwa, na sherehe zinafunguliwa katika uwanja wa Mutoto. Kiongozi wa nyimbo anatunga maneno papo hapo, kundi linaitikia. Maneno mengine ni makali, mengine ni ya aibu, mengine yanamkejeli kijana mwoga mpaka damu inamchemka. Kama hiyo si aina ya kufokafoka, basi hatujui ni nini. Lakini hakuna mzee aliyewahi kusema imbalu ipigwe marufuku kwa sababu ya maneno yake.

Kwa nini? Kwa sababu maneno ya imbalu yana siku yake, yana umri wake, na yana wazee waliosimama kando. Kijana anapoimba, baba mdogo yuko pale, shangazi yuko pale, na aliyetahiriwa msimu uliopita yuko pale. Baada ya kisu kuna mafundisho: sasa wewe ni mwanamume, usile mali ya mtu, usimpige mkeo, jenga nyumba yako. Ukali wa wimbo umezungushiwa ua. Na msimu ukiisha, mtu anayeimba nyimbo hizo mbele ya wakwe zake anaonekana mwendawazimu.

Rapu ya kibandani haina ua. Mtoto wa miaka minane anausikia wimbo wa watu wazima saa sita mchana, peke yake, bila mtu wa kumwambia hili ni mzaha, hili ni uongo, hili ni biashara ya mtu anayelala kwenye nyumba yenye walinzi. Hapo ndipo penye hatari. Tatizo si ngoma. Tatizo ni kwamba wazee wameondoka uwanjani wakaiacha ngoma ijilee yenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni marufuku. Tumezijaribu marufuku katika kanda hii, na matokeo yake yanajulikana. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa nchini Tanzania kwa ajili ya wimbo "Wapo", ukafungiwa; muda mfupi baadaye Rais John Magufuli mwenyewe akaagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Hata ambaye hakuwa ameusikia alikwenda kuutafuta. Huku kwetu, tamasha la Nyege Nyege linalofanyika upande wa Jinja lilipigwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge nalo likataka lisimamishwe, serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mwaka 2019 waziri mmoja alisema mtoto mfokaji Fresh Kid, aliyekuwa na umri wa miaka saba, aache jukwaa arudi shule. Nchi nzima ilibishana. Mwisho wake mtoto alipata mahali pa kusoma na muziki hakuuacha. Katika mifano hii yote tunaona kwamba amri ilishindwa na mazungumzo yakafaulu. Hoja ya waziri kuhusu shule ilikuwa sahihi; ila ilifanya kazi pale tu ilipokaa mezani pamoja na wazazi na mlezi wa muziki wa mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mavazi na muziki vimekuwa hati ya mashtaka. Kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma anayetembea usiku Namakwekwe huonekana "muyaaye" kabla hajafungua kinywa. Kwa miaka mingi vijana wa namna hiyo walizolewa mitaani kwa kosa la uzururaji, hata pale ambapo hakuna aliyeibiwa. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa kushukiwa tu kuwa mzururaji. Ni hukumu ambayo kila mzazi wa mtaa wa kimaskini anapaswa kuijua. Watoto wa waliorejea kutoka Kenya ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wanazungumza Kiswahili cha Nairobi, wanavaa kama Nairobi, na jirani hajui ukoo wao. Mtoto anaambiwa huku kuwa yeye ni Mkenya, na kule aliambiwa ni Mganda. Akikosa mahali pa kuitwa wetu, atakwenda kwa wale wanaompokea bila kumuuliza, na hao mara nyingi si watu wema.

Lakini mtoto huyo huyo ana kipaji ambacho wengine hawana. Mfokaji MC Yallah alizaliwa Kenya akalelewa Uganda, naye anafoka kwa Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Kuvuka mpaka hakukumpunguzia kitu. Kumempa ndimi nne, na ndimi hizo zimempeleka katika majukwaa ya Ulaya. Namakwekwe, pamoja na mchanganyiko wake wa makabila na dini, hawakosi watoto wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba hatujawapa uwanja.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, Halmashauri ya Jiji la Mbale isimamie vibanda vya video na spika za barabarani kwa saa maalumu, na ihakikishe watoto wa shule hawaingii vibandani wakati wa masomo. Hii si marufuku. Ni ua. Nyimbo za watu wazima ziwe na saa za watu wazima, kama imbalu ilivyo na msimu wake.

Pili, redio zetu zitimize wajibu wao. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 tayari inawataka watangazaji waheshimu maadili ya umma. Hakuna haja ya sheria mpya. Anayepiga wimbo mchafu saa ya watoto kurudi shule anajua anachokifanya. Redio hizo hizo ziwape wafokaji wa Mbale na Jinja nusu saa kwa wiki, kwa Lumasaba, Lusoga, Ateso na Kiswahili, na mtangazaji awaulize maana ya wanachokisema.

Tatu, walimu wa Kiswahili wasiogope kuingiza mashairi ya kufokafoka darasani. Shule nyingi zinalia kwamba vitabu na walimu wa somo hili ni haba. Wimbo mmoja safi, ukichambuliwa vizuri, unafundisha vina, ngeli na msamiati kwa siku moja. Mwanafunzi anayelala wakati wa sarufi hatalala siku hiyo.

Nne, wafanyabiashara wa mpakani, tunawaambia kwa upendo: ninyi ndio mlango. Anayejaza nyimbo kwenye memori kadi za watoto asijifanye hajui amejaza nini. Hungekubali kumuuzia mwanao unga uliooza. Basi usimuuzie mwana wa jirani maneno yaliyooza. Mna vibanda, mna spika, mna umeme. Mkiamua kupiga nyimbo safi mchana, Namakwekwe itabadilika kabla Halmashauri haijaitisha kikao.

Tano, wazazi, na hasa ninyi mliorejea baada ya miaka mingi. Mtoto uliyemwacha akiwa na miaka mitano sasa ana kumi na mitano. Usianze na fimbo. Muulize ni msanii gani anampenda na kwa nini. Keti naye usikilize wimbo mmoja mpaka mwisho, hata kama masikio yanauma. Pengine utasikia matusi, na hapo utapata nafasi ya kumwambia unavyofikiri. Pengine utasikia njaa, upweke na hasira ya mtu aliyeachwa, na hapo utakuwa umeusikia moyo wa mwanao kwa mara ya kwanza tangu urudi. Mzazi aliyetuma fedha kila mwezi amefanya kazi kubwa, lakini fedha hazikuweza kuongea na mtoto usiku. Wimbo uliweza.

Sita, wasanii wenyewe. Mnapenda kusema kwamba mnaeleza tu yanayotokea mtaani. Sawa. Lakini mtaani pia yumo mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua nyanya, yumo kijana wa bodaboda anayelipa ada ya mdogo wake, yumo msichana aliyerudi shule baada ya kuzaa. Mbona hao hawamo katika nyimbo? Breakdance Project Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2006 na Abramz Tekya, inafundisha vijana dansi bila malipo, na aliyejifunza anamfundisha mwenzake. Hilo linawezekana hata Namakwekwe. Halihitaji jengo. Linahitaji uwanja uliofagiliwa na mtu mzima mmoja wa kuaminika.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayetaka kumkunja lazima amshike mkononi. Hawezi kumkunja kwa kumpigia kelele kutoka ng'ambo ya mto. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2024, Uganda ina zaidi ya watu milioni 45, na karibu nusu yao ni watoto. Hatuwezi kuwanyamazisha wote, wala si haki kujaribu. Tunachoweza ni kurudi uwanjani, kusimama kando ya ngoma kama wazee wetu walivyosimama kando ya kadodi, ili kijana akiimba neno kali, awepo mtu wa kumwonyesha lilipo ua.

Leo jioni spika zitafunguliwa tena Namakwekwe. Mzazi, kabla hujaifunga dirisha, toka nje kwanza umwone aliyesimama mbele yake ni mtoto wa nani.